Mstari wa Sita

Mbeya, 3 Juni 2024

Baba,

Mugonile. Najua utashangaa kupata bahasha yenye mwandiko usioufahamu, iliyoandikwa "Babu yake Hebroni" mahali pa jina lako. Ni mimi mkweo, Tusajigwe, mke wa Tumaini na mama yake Hebroni. Miaka saba nimo katika ukoo wako na hatujawahi kutazamana wala kusemezana, kwa jinsi mama anavyoishika ile desturi yetu ya ukutila, ya mkwe kutomtazama baba mkwe wala kutaja jina lake, na leo sina nia ya kuivunja. Nimewaza tu kwamba karatasi haina uso. Kama nimekosea, mwambie mama anipigie simu anigombeze, nitasikiliza mpaka mwisho.

Nakuandikia kwa kuwa Tumaini yuko Karonga na biashara yake ya vitenge hadi mwisho wa mwezi wa saba, na mama kila nikimpigia anasema mko salama wote, hata siku ambayo wewe umelala na homa.

Unakumbuka mwezi wa tatu timu yetu ya utafiti ilikuja Bujonde kuchukua damu za wazee, pale uwanjani kwa kanisa. Sasa tunafuatilia hali za walioshiriki. Naomba unijibu: mgongo unauma? Umepungua mwili? Unachoka kuliko mwaka jana? Unapata kiu sana, unakwenda haja ndogo mara nyingi?

Ni maswali ya kawaida, wanaulizwa wote. Barua hii inaletwa na Lameck wa Fuso la mchele, na jibu unaweza kumpa yeye.

Mkweo,
Tusajigwe


Bujonde, 8 Juni 2024

Mkwe wangu Tusajigwe,

Ndaga kwa barua. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama. Kisha nikamwuliza mama yako kama kusoma barua ya mkwe ni sawa na kumtazama. Akajibu kwamba swali hilo huulizwa na mtu asiye na kazi, na mpunga uko nje unasubiri kugeuzwa. Basi nimechukulia kwamba ruhusa ipo.

Majibu yako haya hapa. Mgongo unauma, tangu masika yaliyopita, huku chini upande wa kushoto. Miaka thelathini na moja nimekuwa bwana shamba nikibeba pampu ya dawa kwenye kakao za watu, kwa hiyo mgongo una haki yake. Mwili umepungua, suruali naifunga kwa kamba ya katani na mkanda nilimpa Hebroni alipokuja likizo afanyie hatamu ya ng'ombe wake wa mgomba. Nachoka. Haja ndogo sikuwahi kuihesabu, na sikutarajia katika uzee huu kuulizwa na mkwe wangu.

Najua ulikotumwa. Mama yako amekushitakia kwamba nakataa kwenda hospitali. Mwambie nimeshagundua.

Na mimi nina swali. Tumaini akieleza kazi yako husema unapika jeli. Watu wakiniuliza mkwe wako anafanya nini huko Mbeya, najibu ni mtaalamu, halafu nabadilisha mazungumzo. Hebu nieleze nikasimulie watu.

Wako,
Zabroni


Mbeya, 14 Juni 2024

Baba,

Ni kweli napika jeli, Tumaini hajakosea. Naichemsha kwa unga unaotokana na mwani wa baharini, naimimina kwenye sinia ndogo ya kioo, ikipoa inaganda kama uji uliosahaulika. Upande mmoja naiwekea vishimo vidogo mstarini. Kila kishimo natia tone la yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikishaganda. Tone moja ni la mtu mmoja. Kisha napitisha umeme.

Katika yale maji kuna protini za kila namna, na umeme unazisukuma ndani ya jeli. Kila aina ina mwendo wake, nyingine zinakimbia, nyingine zinakokota miguu. Baada ya muda nazima umeme, natia rangi ya bluu, na pale kila kundi lilipofika panaonekana mstari. Mtu mzima mwenye afya ana mistari mitano. Wa kwanza mnene, huo ni wa albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote. Wa tano hasa si mstari, ni wingu pana, kwa sababu pale ndipo zilipo kinga za mwili, na mtu aliyeishi Kyela akaugua malaria na kila kitu ana kinga za aina elfu, kila moja na mwendo wake kidogo. Mimi nalipenda sana hilo wingu. Ukiliangalia unaona mtu amepita wapi.

Nikiwa nakuandikia, ingekuwa vizuri uje Mbeya siku moja tukupime tena. Si jambo kubwa. Kuna watu kadhaa tunawarudia.

Mkweo,
Tusajigwe


Bujonde, 17 Juni 2024

Mkwe wangu,

Maelezo yako ya jeli ni mazuri, nimeyasoma kwa wazee wawili baada ya ibada na sasa wanakuheshimu kuliko wanavyoniheshimu mimi.

Lakini sikiliza. Nilipokuwa bwana shamba, nikiingia kwa mtu nikaanza kumsifia migomba, nikamwuliza habari za watoto wake mmoja mmoja, nikala na mahindi ya kuchoma, mkulima mwenye akili alijua kabla sijafungua mdomo kwamba kakao yake nimeiona inaoza. Wewe umenisifia wingu. Halafu ukamaliza kwa "si jambo kubwa."

Nimeuliza wenzangu tuliotolewa damu siku ile. Mzee Ambrose hajaandikiwa barua. Jackson hajaandikiwa. Kule Ngana na Talatala mlikopita pia, nimeuliza, hakuna aliyeulizwa habari za mkojo wake. Ni mimi tu.

Nina miaka sitini na tisa na nimezika watu wengi kuliko unavyofikiri. Niambie ulichokiona. Ukinificha kwa kuniheshimu utakuwa unanionea, maana mimi ndiye mwenye mwili.

Zabroni


Mbeya, 20 Juni 2024

Baba,

Nisamehe. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuwa nalinda moyo wangu.

Nimeona mstari wa sita. Upo kati ya wa nne na lile wingu, mwembamba, mweusi, kama umechorwa kwa kalamu. Mstari wa namna hiyo unaweza kuwa na maana kwamba ndani ya mifupa kuna kundi moja la chembe limeanza kuzaana bila mpangilio na kutoa protini ya aina moja tu, kwa wingi. Ni ugonjwa wa uboho, ni aina ya saratani, na huwapata zaidi watu wa umri wako. Dalili zake ndizo zile nilizokuuliza, na wewe ukazijibu karibu zote kwa ndiyo. Nilisoma majibu yako nikiwa maabara na ikabidi nitoke nje.

Utauliza nilijuaje ni wewe, maana vichupa vina namba tu. Orodha ya majina ya Bujonde niliinakili mimi. Nilipofika kwako sikuweza kuandika. Nilijaribu, Baba, kalamu ikakataa, nikaandika namba arobaini na saba na nafasi ya jina nikaiacha wazi, nikamwachia Daktari Nancy aijaze kwa mkono wake kwenye daftari lake. Kwa hiyo katika watu mia mbili mtu pekee ambaye namba yake naijua kwa kichwa ni wewe.

Daktari Nancy ndiye mkuu wetu. Nilikwenda kwake nikakiri kwamba mwenye namba hiyo namjua. Ameniruhusu nikuandikie, na amesema nikuambie waziwazi: mtu hahukumiwi kwa jeli moja. Lazima irudiwe. Ametaka pia nikuulize jinsi damu yako ilivyotolewa siku ile, kila kitu: ulikaa wapi, nani alikuchoma, kichupa gani, ilichukua muda gani. Mimi sikukuona. Niliinamisha macho kwenye daftari asubuhi yote nisije nikakosea.

Tumaini hajui bado. Nangoja neno lako.

Tusajigwe


Mbeya, 2 Julai 2024

Baba,

Lameck anasema barua alikupa mkononi tangu tarehe ishirini na mbili. Mama simu yake haipatikani. Sikulaumu. Nakuomba tu uniambie hata kwa neno moja kama umeisoma.

Tusajigwe


Bujonde, 6 Julai 2024

Mkwe wangu Tusajigwe,

Nimeisoma. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nafanya mambo ambayo mtu hufanya.

Nilimwita ndugu yangu Asajile kutoka Talatala, tukazunguka mpaka wa shamba la kakao, nikamwonyesha mti kwa mti wapi pa Tumaini na wapi pa dada zake. Alikuwa ananifuata nyuma akilia kimya kimya, mtu mzima yule, mpaka nikamwambia kama hawezi kulia baadaye basi arudi kwake. Mama yako nilimwambia siku ya tatu. Kesho yake nikakuta suti yangu nyeusi imefuliwa, iko kwenye kamba. Sikuwa nimemwomba. Tukatazamana, akaingia jikoni. Simu yake ameizima kwa sababu hataki kusikia sauti ya mtu.

Naogopa, mkwe wangu. Nakuandikia wewe kwa kuwa hapa nyumbani sina wa kumwambia, wote wananitazama usoni kuona kama naogopa.

Sasa lile swali lako la damu ilitolewaje. Liliniudhi. Niliona nimeambiwa nyumba yangu inaungua, halafu naulizwa mlango wake ni wa rangi gani. Lakini jana nimeisoma tena barua na nikaona kwamba kuna jambo sikulisema, na nilinyamaza kwa ajili yako.

Siku ile sikutolewa damu mezani. Nilikuwa kwenye foleni, watu wawili mbele yangu, nikainua macho nikakuona umekaa pale na kalamu. Wewe hukuniona. Niligeuka, nikamwambia Ambrose nina haja, nikazunguka nyuma ya kanisa kwenye migomba. Nilitaka kwenda zangu nyumbani. Yule msichana wa timu yenu, Angetile, akanifuata, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia mkwe wangu yuko mezani, siwezi kufika pale. Naye ni mtoto wa huku, akaelewa bila kueleza zaidi. Akanikalisha kwenye tofali akatafuta mfukoni, akatoa kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Akasema vinavyotakiwa ni vya kifuniko chekundu, ngoja nikakichukue, viko mezani kwa dada. Nikamwambia ukienda watauliza ni cha nani, na mkwe wangu atajua kwamba nimemkimbia, ataona haya. Nikamwambia, mwanangu, damu ni damu, choma. Akachoma. Akakigeuza kile kichupa juu chini, juu chini, taratibu, akakipeleka kwenye ile mashine inayozungusha.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungejilaumu kwa kukaa pale. Ilikuwa kazi yako kukaa pale. Ndiyo hivyo.

Zabroni


Mbeya, 9 Julai 2024

Baba,

Naandika kwa haraka, Lameck anapakia.

Kichupa cha zambarau kina dawa ndani yake ya kuzuia damu isigande. Chekundu hakina. Sisi tunataka damu igande, kwa sababu ikiganda ile protini inayogandisha inabaki chini na donge, na maji ya juu yanakuja bila yake. Isipoganda, protini hiyo inabaki ndani ya maji, inaingia kwenye jeli, na inachora mstari wake wenyewe. Mwembamba, mweusi, kati ya wa nne na lile wingu. Pale pale.

Maji ya damu yalimiminwa kwenye vichupa vidogo siku ileile huko Bujonde, kwa hiyo huku Mbeya hakuna aliyekiona kifuniko. Nimempeleka Daktari Nancy barua yako. Ameisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

Sikuahidi kitu, Baba. Mstari unaweza kuwa wa kichupa, unaweza kuwa wa ugonjwa, na mgongo wako bado unauma. Njoo Jumanne tarehe 16 na Lameck. Angetile amekwenda masomoni, na atakayechoma ni mimi. Ningeweza kumwomba mwenzangu akuchome. Sitaki. Safari hii nataka nikione kichupa kwa macho yangu tangu kinapojaa. Kuna pazia kwenye chumba cha damu, nimelipima, mkono unapita.

Tusajigwe


Bujonde, 18 Julai 2024

Mkwe wangu,

Nimefika salama. Mgongo umelalamika tangu Tukuyu hadi nyumbani.

Nataka niandike kabla majibu hayajaja, maana sijui baada ya hapo nitakuwa na akili gani. Nilikaa kwenye kile kiti nikapitisha mkono kwenye pazia kama mtu anayepima shati kwa fundi. Mikono yako ni ya baridi. Ulishika kiganja changu muda mrefu kabla ya kuchoma na sikuona sababu ya kitabibu. Nilitazama sakafu na nikaona viatu vyako, vyeupe, kimoja kamba imefunguka. Nilitaka kukuambia utajikwaa, nikakumbuka. Nimekaa na neno hilo mdomoni njia nzima.

Niliona haya, mkwe wangu, si ya desturi. Niliwaza kwamba nilikwenda nyuma ya migomba kukuheshimu, na heshima yenyewe ikakutoa machozi maabara na ikamlaza mama yako chini wiki tatu kama mfiwa.

Majibu yakiwa mabaya, yaandike mstari wa kwanza, usinisifie chochote.

Zabroni


Mbeya, 23 Julai 2024

Baba,

Mistari ni mitano.

Nimerudia mara mbili, kwenye jeli mbili tofauti, na Daktari Nancy akarudia ya tatu kwa mkono wake bila kuniambia. Mitano. Wa kwanza mnene na safi, na mwishoni lile wingu, pana, bila mstari wowote kati. Tulichukua pia damu yako kidogo kwenye kichupa cha zambarau, kwa makusudi, tukaiweka kishimo cha jirani. Ule wa sita ukatokea palepale ulipokuwa mwezi wa tano. Tumemkamata mwizi mchana kweupe.

Vipimo vingine vimetoka vizuri: figo, sukari, madini ya chokaa kwenye damu, mkojo. Picha ya mgongo inaonyesha pingili mbili zimesagika, na daktari wa mifupa anasema ni za mtu aliyebeba pampu, ndivyo alivyosema bila kuambiwa na mtu. Kuna mazoezi, nimeyachora kwenye karatasi ya pili. Kuhusu kupungua, mama alinieleza kwa simu jana kwamba tangu meno yale mawili yang'olewe unakula ndizi laini tu na hutaki watu wajue. Nimejua, Baba. Lameck anakuletea jina la daktari wa meno.

Nililia tena, safari hii nikiwa nimekaa mbele ya jeli, na wenzangu wakadhani nimeharibu kitu. Nimefurahi mpaka nimechoka. Tumaini nimemwambia yote, mwanzo mpaka mwisho, akasema anarudi kesho.

Ndaga fijo kwa kunieleza habari ya ile migomba. Usingeeleza, ningekuzika kwa kosa la kichupa.

Mkweo,
Tusajigwe


Bujonde, 28 Julai 2024

Mkwe wangu Tusajigwe,

Barua niliifungulia barabarani kwa Lameck, sikuweza kufika nyumbani. Nikasoma ule mstari wa kwanza, nikakaa juu ya gunia la mchele wa mtu. Lameck akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ulikuwapo, umeghairi.

Mama yako nilimkuta anapepeta. Nikamwambia mitano. Akaendelea kupepeta mpaka mpunga ule ukaisha, akaweka ungo chini, akaanza kunigombeza kwa habari ya meno, na paa la jikoni, na mkanda niliompa mtoto, mambo yote aliyokuwa ameyanyamazia kwa mwezi mzima. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Baadaye alilia, na mimi nikalia, tukaacha jiko likazimika. Asajile naye ametuma ujumbe kwamba hazunguki tena shamba langu mpaka nife kweli.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimekaa na Asajile na mama yako na shangazi zake Tumaini. Nimewauliza kama mkwe anaweza kufunguliwa. Wakasema kwa wazee wetu ilikuwepo njia: baba mkwe akimpa mkwe wake mnyama kwa hiari yake, mbele ya watu, basi anaweza kumtazama, kumjibu na kumpakulia. Zamani ilikuwa ng'ombe. Shangazi mmoja akasema kwa mkwe aliyesoma iwe mbuzi. Mama yako, yeye aliyeishika desturi hii kuliko sisi wote, akasema ni ng'ombe, na asiyetaka aondoke. Kwa hiyo ni ng'ombe, yule mweusi mwenye baka tumboni. Yuko hapa, ni wako, na shangazi wamemshuhudia.

Mje mwezi wa kumi na mbili, wewe na Tumaini na mtoto. Nitakuwa nimekaa sebuleni. Nina maswali mengine kuhusu hiyo jeli, kwa mfano mwani na umeme vimekutanaje, na kwa nini rangi iwe bluu. Haya siyaandiki. Utanijibu kwa mdomo.

Baba yako,
Zabroni